Majamvi ya Darasa la Tatu

Lengo la kwanza la Mwalimu Dorkasi lilipigiwa makofi, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi. Ilikuwa kwenye semina ya walimu mjini Tanga, feni za ukumbi zikizunguka kivivu, na mwezeshaji mmoja kijana alikuwa amemtaka kila mwalimu aandike lengo lake la kutumia teknolojia darasani. Dorkasi alisimama akasoma lake: kuimarisha matumizi ya TEHAMA katika ufundishaji na ujifunzaji ili kuinua kiwango cha umahiri wa mwanafunzi. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Kijana akasema mnaona, hilo sasa ndilo lengo. Dorkasi akaketi, akajiuliza kimoyomoyo alichokisema kina maana gani, na mpaka chai na maandazi yanaletwa alikuwa hajapata jibu.

Hakuwa mtu wa maneno makubwa, ndiyo maana yalimkaa vibaya mdomoni. Alizaliwa mlimani, upande wa Amani, kwenye kambi ya wafanyakazi wa chai. Baba yake, mzee Zebedayo, alikuwa kiwandani, mama yake akichuma. Walikuwa Walutheri wa kwenda kanisani mvua inyeshe isinyeshe, na kule mvua hainyeshi kidogo. Alipomaliza ualimu akapangiwa pwani, kijiji cha Mikokoni, ukishaipita Tongoni, mahali ambapo hakuwa na ndugu wala wa kumsingizia undugu. Wenyeji walimpa mwaka mmoja. Walimu wa kutoka mlimani walikuwa wakija, wanalalamikia joto, wanalalamikia chumvi ya maji ya kisima, na likizo ikifika wanaomba uhamisho. Dorkasi alilalamika kama wenzake, tena kwa sauti kubwa kuliko wao, lakini uhamisho hakuomba. Akajifunza kula bada, ugali wa muhogo, kwa samaki wa kukaanga. Akajifunza kwamba huku humsalimii mtu juu juu ukapita zako, sharti umuulize na hali, na watoto, na mgonjwa wa jana. Miaka ikaenda, naye bado yupo, na darasa lake lilikuwa la tatu.

Teknolojia yenyewe ilikuwa kabatini. Shule ilikuwa imepewa projekta na mradi mmoja wa elimu, pamoja na waya wa kuiunganisha na vile vishikwambi walivyogawiwa walimu. Ilikuja na sharti lake: mwisho wa muhula Afisa Elimu Kata angepita, na akikuta haitumiki kufundishia inahamishiwa shule nyingine huko Pongwe ambako walikuwa wameshaiomba. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Uweso, mzaliwa wa hapo hapo Mikokoni, aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga kwenye blanketi, akaitia kabatini, na ufunguo akauvaa shingoni. Si kwamba alikuwa na choyo. Aliogopa. Kifaa cha watu kikikuharibikia mkononi utaandika maelezo mpaka ustaafu, na yeye alikuwa amebakiza muda mfupi tu kustaafu na hakutaka kuutumia kwa kuandika maelezo.

Dorkasi aliporudi semina na lengo lake la makofi, alilibandika ndani ya mlango wa kabati la darasa lake, akawa analiangalia kila asubuhi. Halikumwambia cha kufanya. Pengine lingebaki pale mpaka mende walile, kama si upepo.

Alikuwepo darasani mtoto mmoja anaitwa Kibibi. Mgeni akija shuleni, msomaji ni Kibibi. Mtoto alikuwa na sauti safi, anatua panapotua, anauliza panapouliza, na walimu walimwonea fahari. Siku hiyo alikuwa akisoma habari ya familia iliyokwenda shambani, amesimama, kitabu mezani kwa sababu kilikuwa kimoja kwa dawati zima. Upepo wa bahari ukaingia kwa yale madirisha yasiyo na vioo wala mbao, nondo tupu, ukafunua kurasa. Kibibi akaendelea kusoma. Familia ikafika shambani, ikalima, ikala, ikarudi nyumbani, na kitabu mbele yake kilikuwa wazi kwenye picha ya kuvuna maji ya mvua.

Dorkasi hakutaka kumwaibisha mbele ya wenzake. Alingoja mapumziko, akamwita, akamwandikia ubaoni neno ambalo halimo kitabuni. Mtoto akalitazama neno, akamtazama mwalimu midomo, akingoja ianze. Mtoto hakuwa akijua kusoma hata neno moja. Alikuwa amekaa pembeni ya dawati tangu darasa la kwanza, mahali ambapo kitabu hakifiki, akasikiliza wenzake na kushika kila kitu kwa sikio. Hilo sikio lilikuwa hatari. Hata chuoni kwa maalimu wa Kurani, Kibibi ndiye aliyekuwa akitangulia wenzake kuhifadhi, na huko kuhifadhi ni sifa kubwa na aliistahili. Shida ni kwamba shuleni hakuna aliyekuwa amemuuliza jicho lake linaona nini.

Dorkasi alibaki darasani akijisikia vibaya sana. Alijiuliza ni wangapi wengine. Akalibandua lile lengo la semina, akaandika jingine kwa kalamu nyekundu: kabla muhula haujaisha, Kibibi asome maneno ambayo hajawahi kuyasikia. Kijana wa semina alikuwa amesema lengo lipimike, na hili lilikuwa linapimika kwa sababu ama mtoto atasoma ama hatasoma. Kisha akaenda ofisini kuomba ufunguo.

Mazungumzo yake na Mwalimu Uweso yalichukua muda. Uweso alisema vumbi. Alisema chumvi ya bahari inakula vyuma. Alisema umeme wa huku unajulikana. Dorkasi alikubali yote, kisha akasema kwamba kitabu kimoja hakiwezi kuonwa na dawati zima, lakini ukuta unaonwa na darasa zima. Akiweka sentensi kubwa ukutani, kila siku mpya, hakuna mtoto atakayejificha nyuma ya sikio lake. Akasema pia kuwa projekta ikikaa kwenye blanketi itakwenda Pongwe na blanketi lake. Hilo la mwisho ndilo lililomgusa Uweso. Akavua ufunguo, akafungua, akavaa tena.

Sasa, mwanga. Mtu wa mlimani anasahau jinsi pwani ilivyo na mwanga. Kuna jua la juu, na kuna jua la chini linalorudishwa na mchanga mweupe, yote mawili yanaingia darasani bila hodi. Dorkasi aliwasha projekta, ukutani hakikuonekana kitu. Akajaribu khanga, mwanga ukapita na maua yake. Ndipo akakumbuka zile kaniki alizopewa na mama yake. Kwao kaniki ni nguo ya shambani, weusi wake hauonyeshi uchafu, na mama alikuwa amemfungashia furushi zima akidhani pwani nako watu wanalima kwenye matope. Jumatatu asubuhi akazitundika madirishani, zote, akazibana kwa misumari. Darasa likawa giza totoro. Akawasha, na ukutani yakatokea maneno makubwa kama milango. Watoto walishangilia mpaka wa darasa la nne wakaja kuchungulia. Dorkasi alikwenda kulala akiwa na furaha ambayo hakuwa ameipata tangu aanze kazi.

Kesho yake nusu ya darasa haikuja. Siku iliyofuata walikuja wachache wasio na watu wa kuwazuia. Kibibi hakuwa miongoni mwao. Dorkasi aliwauliza waliokuja, wakaangalia chini. Alifikiri homa, akafikiri shughuli kijijini. Siku ya tatu, baada ya vipindi, akajifunga kitambaa kichwani akaenda kwa bibi yake Kibibi.

Bi Mwanamkasi alikuwa mlezi wa Kibibi tangu binti yake, mama wa mtoto, alipofariki Kibibi angali ananyonya. Wanakijiji walikwisha kumwonya Dorkasi zamani: kwa Bi Mwanamkasi marehemu hatajwi. Si kwa ubaya, ila bibi mwenyewe akitajiwa hunyanyuka akaingia ndani, na mgeni hubaki barazani na kikombe chake. Yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa kikundi cha kina mama chenye majamvi, yale makubwa ya kutandika kwenye maulidi, harusi na misiba, na alikuwa na ulimi usiochagua mtu.

Dorkasi alipiga hodi, akakaribishwa, akatoa shikamoo, akajibiwa marahaba. Wakaulizana hali, na watoto, na mguu wa bibi. Ndipo bibi mwenyewe akaingia kwenye jambo.

"Mwalimu, mie nakuuliza na unijibu. Pale darasani una mgonjwa gani?"

Dorkasi akasema hana mgonjwa.

"Huku kwetu kaniki haitundikwi dirishani ila nyumba ina mtu wa pepo, na mganga yumo kazini. Ukiiona unapita mbali, na mtoto humpitishi kabisa. Wewe umetundika madirisha yote, umewafungia watoto wa watu gizani, kisha ukutani ukawawashia mambo. Sasa sie tufikirije?"

Dorkasi aliziba mdomo kwa mkono. Mwanzo alitaka kucheka, kisha akaona aibu mpaka masikio yakamwaka, kwa sababu alijiona jinsi kijiji kilivyomwona: mwanamke wa mlimani, anapigilia nguo za uganga kwa misumari, asubuhi kweupe, huku anaimba. Akaomba radhi, na aliomba kwa dhati. Akaeleza kaniki kwao ni nini. Bi Mwanamkasi alisikiliza, akasema basi ndiyo hivyo, kila watu na vyao, kaniki zitoke na Kibibi atarudi.

Mtu mwingine angeshukuru akaondoka. Dorkasi alibaki kwenye kigoda, akasema la pili, ambalo lilikuwa gumu zaidi. Akasema Kibibi hajui kusoma.

Bi Mwanamkasi alikataa. Akasema mtoto humsomea kila jioni, habari ya familia na shamba, na yeye mwenyewe ingawa herufi hizo za shule hazijui, masikio anayo. Dorkasi akasema habari hiyo mtoto anaijua kwa moyo, kama anavyojua ya chuoni, na anaisema hata kitabu kikiwa kimefungwa.

"Unamwita mjukuu wangu muongo?"

"Hapana, bibi. Nasema sisi walimu ndio tulioridhika. Yeye amefanya alichoweza."

Bibi hakuingia ndani. Dorkasi akaona hapo hapo amalize yote. Akasema anahitaji kiza darasani, kaniki haziwezekani, khanga hazizuii mwanga, na je, kikundi kingeweza kumwazima majamvi? Bi Mwanamkasi akacheka kwa pua. Mwalimu alikuwa amekaa Mikokoni miaka yote hiyo na bado hakujua kwamba jamvi haliazimwi likaenda peke yake. Zamani yaliazimwa hivyo, yakarudi yamechanika, mengine hayakurudi, mpaka kina mama wakakubaliana: jamvi likitoka, mwenyewe hutoka nalo, hulitandika kwa mkono wake, hukaa mpaka shughuli iishe, hulikunja, hurudi nalo.

"Basi njooni nayo," Dorkasi akasema.

Baadaye Bi Mwanamkasi aliwaambia wenzake kuwa hakukubali kwa ajili ya mwalimu. Alikubali ili akamwone kwa macho yake huyo anayesema Kibibi hajui kusoma.

Dorkasi alipomsimulia Mwalimu Uweso habari ya kaniki, Uweso alikohoa, akakiri kwamba aliziona tangu Jumatatu. Dorkasi akamuuliza kwa nini basi hakumwambia, na yeye mtoto wa hapo hapo. Uweso akasema alidhani watu wa mlimani wana yao. Dorkasi alihesabu pumzi zake, akaondoka ofisini kabla hajasema neno litakaloingia kwenye faili.

Kuanzia wiki iliyofuata kina mama wakaja, kwa zamu, siku za kipindi cha kusoma. Wakafika na majamvi mabegani, wakayatundika kwa kamba kwenye nondo, wakakaa chini nyuma ya darasa, wengine na ukindu wao wakisuka gizani kwa kupapasa tu, mikono haihitaji taa. Bi Mwanamkasi hakuwa na zamu, alikuja kila mara. Jamvi lake lilikuwa na ukingo mwekundu, rangi imeanza kufifia, na halikushikwa na mtu mwingine. Alilitundika mwenyewe kwenye dirisha lililo karibu na dawati la Kibibi, na alilikunja mwenyewe.

Dorkasi aliacha kitabu kabisa. Kila mtoto alikuja na sentensi ya nyumbani kwake, akamnong'oneza mwalimu, mwalimu akaipiga kwenye kishikwambi, na ukutani ikatokea ili mwenzake aisome. Nyavu za baba zimetobolewa na kaa. Shangazi amekuja na ndizi kutoka Muheza. Mbuzi wetu kala sabuni. Hakuna aliyeweza kuisema kabla ya kuisoma, kwa kuwa haikuwa imesemwa popote. Mwalimu akaonyesha silabi kwa fimbo, taratibu, watoto wakaunganisha.

Na Kibibi akanyamaza. Yule mtoto wa sauti safi, mbele ya bibi yake, alisimamishwa akasimama, akautazama ukuta, akakaa. Wenzake ambao hawakuwa wakisikika wakaanza kumpita. Siku moja alisimama akasema habari ya familia na shamba yote, kwa haraka, huku machozi yakimtoka na ukutani pameandikwa mambo ya mbuzi. Nyuma ya darasa ukindu uliacha kusukwa.

Kipindi kilipoisha Bi Mwanamkasi alikunja jamvi lake, akamsogelea mwalimu. "Nilikuletea mtoto anayesema. Umemfanya bubu." Akatoka bila kungoja jibu. Dorkasi alikaa kwenye dawati la Kibibi, lile la pembeni, akafikiri kwamba labda bibi ana haki. Mtoto alikuwa na kitu kimoja cha kujivunia shuleni, naye amekuja amekichukua. Aliumia sana siku hiyo. Lakini alipotazama ubaoni kutokea pale alipokaa, aliona mng'ao mtupu, na akaelewa ni kitu gani Kibibi alikuwa akikiona tangu darasa la kwanza. Akanyanyuka akalihamisha lile dawati likawa la mbele.

Akaanza upya naye, saa za mapumziko, peke yao, wenye majamvi wakingoja nje kabla ya kuyakunja, na alianza kwa sikio lile lile. Alimwambia afumbe macho, amsemee neno lolote, kisha alikate vipande kwa makofi. Hapo Kibibi hakuwa na mpinzani. Ka-ni-ki. Ba-da. Mwa-na-m-ka-si. Kisha Dorkasi akampa sura ya kila kofi ukutani, herufi kubwa kuliko kichwa chake, akamwachia aziguse mpaka kivuli cha mkono wake kikawa juu ya herufi. Siku zikapita bila dalili. Kisha asubuhi moja, foleni ya kuingia darasani, Kibibi alisimama mbele ya gunia la simenti la mafundi waliokuwa wakiziba choo, midomo ikicheza, akasema kwa sauti ndogo, "Ki-lo." Dorkasi aligeuka upande wa pili, akajifanya anaita majina.

Juma la mwisho la muhula, Mwalimu Uweso alimwita ofisini. Afisa Elimu Kata, Bwana Nehemia, angekuja kesho. Uweso alikuwa amefikiri sana, na alizungumza kwa upole, kwa sababu naye sasa alikuwa hataki projekta iondoke. Akasema wakati wa ukaguzi si wakati wa kujaribu mambo. Iwekwe ukutani ile habari ya familia na shamba, kubwa, yenye rangi, asimame Kibibi aisome kama anavyojua kuisoma, mgeni aridhike, mashine ibaki. Baada ya hapo mwalimu afundishe atakavyo.

Dorkasi alishawishika, na hakujifichia hilo. Kibibi angesoma vizuri. Hakuna ambaye angejua. Na akikataa, mtoto akasimama mbele ya mgeni akakwama, projekta ingekwenda, na mwakani watoto wangerudi kusikiliza wenzao wa dawati. Alikwenda darasani akafungua mlango wa kabati, akasoma maandishi yake mekundu. Akarudi ofisini, akamwambia Uweso kwamba ikibakizwa kwa njia hiyo, itakuwa imebaki kwa ajili ya kumfundisha Kibibi kudanganya, na hiyo kazi mtoto alikwisha kuifanya vizuri bila umeme. Uweso akashika ufunguo wake shingoni, akasema, "Haya, mwalimu. Mimi nitakuwa mlangoni."

Bwana Nehemia alikuwa mtu mpole mwenye uchovu wa aliyekagua shule nyingi. Aliwasalimia kina mama, akashangaa kuwakuta wengi hivyo, akaambiwa majamvi hayaji peke yake. Umeme ulikuwepo. Watoto wakasoma sentensi za wenzao, mmoja baada ya mwingine, na walisoma vizuri. Mgeni akasikiliza, akaandika kidogo, kisha akasema, bila ubaya wowote, kuwa amefurahi, ila mtu anaweza kujiuliza kama sentensi hizi hazikuwa zimefanyiwa mazoezi.

"Una haki ya kujiuliza," Dorkasi akasema. Akageukia nyuma ya darasa, akaomba mmoja wa wageni ampe sentensi.

Kabla mwingine hajanyanyuka, Bi Mwanamkasi alikwisha simama. Alipita kati ya madawati, mguu wake mbovu ukiburuta, akamwinamia mwalimu sikioni. Alinong'ona maneno machache tu. Dorkasi aliinua uso akamtazama. Bibi akatikisa kichwa kukubali, kwamba ndiyo, andika hivyo hivyo. Kisha akabaki amesimama pale pale, mikono ameikunja. Darasa zima, ni yeye na mwalimu tu waliojua kilichosemwa, na yeye kusoma hakujua. Angeweza tu kungoja atakachosikia.

Dorkasi akaandika. Akakosea, akafuta mara moja akarudia. Maneno yakatokea ukutani.

"Kibibi," akaita.

Kibibi akasimama. Feni ndogo ya projekta ilikuwa ikivuma. Mlangoni Uweso alikuwa akiangalia viatu vyake. Mtoto aliutazama ukuta muda mrefu, hata Bwana Nehemia akaweka kalamu chini, na Dorkasi akajizuia kwa nguvu zote asichezeshe midomo. Ndipo mkono wa Kibibi ukaanza kupiga makofi madogo juu ya paja.

"Ja… jamvi. Le-nye. Jamvi lenye u-ki-ngo. Ukingo mwe… mwekundu." Akapiga paja tena. "Ka-li-su-ka. Kalisuka ma… ma-ma-ko."

Hakurudia kwa kuunganisha, kama alivyofundishwa. Aligeuka dirishani. Lile jamvi lilikuwa pale, ukingo wake umeshika mwanga kidogo kwa nyuma. Alikuwa amelilalia, amelikalia, amekaa kivulini mwake muhula mzima.

"Mama yangu?" akauliza. Hakumuuliza mwalimu.

"Ndivyo nilivyosema," Bi Mwanamkasi akasema. "Kasoma vile vile nilivyosema."

Kina mama nyuma walikuwa wakijifuta na ncha za khanga. Dorkasi naye alilia, mbele ya mkaguzi, na hakujali. Alikuwa amemfundisha mtoto huyu apate kusoma asichokijua, lakini hakuwa amefikiri kwamba siku ya kwanza angekisoma kitu kama hicho. Bwana Nehemia alijikohoza, akachukua kalamu yake, akasema Pongwe watatafutiwa nyingine. Uweso akaja kutoka mlangoni, akavua ufunguo, akamkabidhi Dorkasi, na shingo yake ikaonekana nyembamba bila ile kamba.

Kengele ikapigwa. Kina mama wakaanza kufungua kamba, mwanga ukaingia dirisha moja moja, maneno ukutani yakafifia mpaka yakabaki kidogo sana. Bi Mwanamkasi alifungua jamvi lake mwisho, akaanza kulikunja. Kibibi alikuwa hajatoka kwenda kucheza. Alisimama kati ya bibi yake na mwalimu, akiutazama ukuta kama mtu aliyesahauliwa kuongezwa chakula.

"Mwalimu," akasema, "bibi akwambie na jingine."

Dorkasi alimtazama Bi Mwanamkasi, akitegemea atachukua jamvi lake na kuondoka. Bibi alisimama kidogo na jamvi mikononi. Kisha akalirudisha dirishani, akalifunga kamba, akaja akainama tena sikioni mwa mwalimu.